Umeme wa Akiba kwa Pampu ya Ghala la Chini

Ardhi ya Kibondo na Kasulu ni ya vilima na mabonde, nayo humfundisha mjenzi tabia yake. Anayejenga kando ya barabara hukuta upande wa mbele wa kiwanja uko sawa na barabara, hali upande wa nyuma umeteremka kimo cha mtu au zaidi. Mwenye hesabu hajazi nafasi hiyo kifusi. Huichimba kidogo, huinua kuta, na kupata chumba cha pili chini ya kile cha kwanza. Chama chenye chumba cha namna hiyo hukifanya ghala la chini, kwa kuwa hakipigwi na jua wala hakina madirisha ya kumvutia mwizi. Humo huwekwa mbolea, mbegu, magunia matupu na, msimu ukiwa mzuri, maharage ya wanachama yanayosubiri mnunuzi.

Ubaya wa ghala la chini ni mmoja, nao ni maji. Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kwa mwaka mzima hufika milimita 1,000 na kupita. Sehemu ya maji hayo huzama ardhini juu ya kilima, huteremka polepole chini kwa chini, na mwishowe hukutana na ukuta wa nyuma wa ghala. Ukuta huo, hata ukipigwa lipu nzuri, huyachelewesha tu. Maji hutafuta ufa wa sakafu na pembe za msingi. Mwezi wa Oktoba sakafu huwa kavu, kwa kuwa udongo bado una kiu. Ifikapo Machi na Aprili udongo umekwisha kushiba, na hapo mvua ya saa moja huonekana ndani ya ghala kabla haijaisha kunyesha nje.

Dawa iliyozoeleka ni kuchimba shimo katika pembe iliyo chini kuliko zote, kuitelemsha sakafu kidogo kuelekea shimo hilo, na kutia ndani yake pampu ndogo ya umeme yenye boya. Maji yakipanda, boya huinuka na kuwasha pampu. Yakishuka, boya hulala na kuizima. Kazi yote hufanyika bila ya katibu kujua, na hapo ndipo ilipo hatari. Kifaa kinachofanya kazi kimya husahauliwa, mpaka usiku umeme unapokatika.

Tena umeme haukatiki usiku wowote tu. Mvua inayojaza shimo ndiyo hiyo hiyo ijayo na radi na upepo. Laini ya volti 33,000 inayoleta umeme wilayani hupita masafa marefu katika misitu na mabonde. Tawi moja likiangukia waya, au radi moja ikipiga nguzo, mji mzima huingia gizani. Kwa hiyo saa ambayo pampu inahitajika kuliko zote ndiyo saa ambayo umeme una uwezekano mkubwa wa kutokuwapo. Katibu anayesema kwamba umeme hukatika mara chache tu kwa mwezi hajakosea hesabu yake, ila amehesabu siku zote kuwa sawa, nazo si sawa.

Yapo pia makatizo yasiyo ya radi. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO yaliyosimama peke yake, na uhai wa umeme ulitegemea mafuta na vipuri. Mwaka 2022 miji hiyo iliunganishwa na gridi ya Taifa. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, lakini anayejiunga na gridi hujiunga pia na matatizo yake. Kati ya mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 nchi ilipata mgawo wa umeme kwa upungufu wa uzalishaji. Mgawo huo ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, kuanza kazi mwezi Februari 2024. Na bado tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika gridi ilizima umeme karibu nchi nzima kwa saa kadhaa. Ilikuwa Aprili, mwezi ambao mashimo ya maghala hujaa.

Kinachopotea

Ni vyema hasara ikadiriwe kwa vipimo, maana mkutano mkuu hauelewi neno "unyevu" kama unavyoelewa idadi ya magunia. Tuchukue ghala la mita 6 kwa mita 8. Maji ya kina cha sentimita 10 juu ya sakafu ya ghala hilo ni lita 4,800. Ikiwa maji yanaingia lita 20 kwa kila dakika, kina hicho hufikiwa kwa saa 4. Umeme ukikatika saa 2 usiku, na mlinzi akiwa amejikinga mvua upande wa barabara, kufika saa 6 usiku gunia lililowekwa sakafuni limelowa sentimita 10 kutoka chini, na kila gunia la safu ya kwanza liko katika hali hiyo.

Urea na mbolea nyingine za namna yake huyeyuka katika maji. Mfuko wa kilo 50 ulioloa hauaniki ukarudi kama ulivyokuwa. Sehemu huenda na maji na iliyobaki hugeuka jiwe. Maharage yaliyoloa huvimba na kuota ukungu kwa siku chache, na ukungu huo hupanda katika magunia ya juu ambayo hayakuguswa na maji. Mali hiyo kwa kawaida si ya chama. Mbolea imekopwa, na mkopo utalipwa iwe imetiwa shambani au imeyeyuka ghalani. Maharage ni ya mwanachama aliyepewa stakabadhi yenye uzito ulioandikwa, naye atadai uzito ule ule. Chama kilichopokea mzigo wa watu ndicho kinachoujibia.

Kutoka katika hesabu hiyo ya saa 4 hupatikana kinga ya kwanza, nayo haina waya wala injini: ni vichaga vya mbao. Kichaga chenye kimo cha sentimita 15 humpa katibu saa 6 katika mfano huu kabla gunia la kwanza halijagusa maji. Hakuna mashine ya bei hiyo inayonunua saa 6. Inashangaza kuona chama kinajadili jenereta katika vikao vitatu hali mbolea yake imelala juu ya saruji.

Kabla ya kununua chochote

Swali la kwanza ni kama pampu yenyewe inahitajika. Nchi ya vilima ina neema ambayo watu wa tambarare hawana, yaani maji yanaweza kutolewa kwa mteremko peke yake. Chukua ghala ambalo sakafu yake iko mita 2 chini ya ardhi ya upande wa juu, na kiwanja kinashuka mita 1 kwa kila mita 10. Bomba likitolewa chini ya sakafu na kulazwa kwa mteremko mdogo wa mita 1 kwa kila mita 100, litatokeza juu ya ardhi baada ya kwenda mita 22 hivi kutoka upande huo wa juu. Ikiwa jengo lenyewe lina urefu wa mita 8, mtaro wa kuchimba nje yake ni mita 14. Hizo ni siku chache za jembe na sururu, na bomba hilo halitauliza kama umeme upo. Mdomo wake utiwe wavu wa chuma ili panya na nyoka wasilifanye mlango.

Tena mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa jengo, wenye kina kupita msingi na uliojazwa kokoto, hupunguza maji kabla hayajafika ukutani. Maji ya bati nayo yakusanywe kwa gata na kupelekwa mbali. Yako maghala ambayo sehemu kubwa ya maji ya shimo ni ya paa lao wenyewe, yanayodondoka kando ya msingi na kurudi ndani kwa mlango wa chini.

Kama kiwanja cha chini ni cha jirani asiyekubali bomba, au bonde lenyewe hujaa wakati wa masika, hapo pampu haiepukiki, na maneno yafuatayo ni ya chama kilicho katika hali hiyo.

Kupima maji na kupima pampu

Makosa mengi ya ununuzi hutoka katika kutopima. Chama huuliza dukani, "Jenereta gani inafaa?" na muuzaji, ambaye hajaliona shimo, hujibu kwa kutaja ile aliyo nayo. Kipimo chenyewe ni chepesi. Siku ya mvua kubwa ya mwezi Machi au Aprili pampu izimwe, fito yenye alama isimamishwe ndani ya shimo, na saa itazamwe. Shimo la mita 1 kwa mita 1 likipanda sentimita 10, limepokea lita 100. Likichukua dakika 5 kupanda kiasi hicho, maji yanaingia lita 20 kwa dakika, yaani lita 1,200 kwa saa. Kisha pampu iwashwe. Maji yakishuka sentimita 13 kwa dakika, pampu inatoa lita 130 zaidi ya zile zinazoingia. Tukijumlisha 20, uwezo wake ni lita 150 kwa dakika katika shimo hilo na kwa bomba hilo. Tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mtengenezaji hupima pampu isiyoinua maji kwenda juu.

Sasa hesabu yote imo mkononi. Ili kutoa lita 1,200, pampu ya lita 150 kwa dakika hufanya kazi dakika 8 katika kila saa. Ikiwa inakula wati 400, matumizi yake kwa saa nzima ni wati-saa 53 tu, chini ya taa moja ya zamani ya wati 60 iliyoachwa ikiwaka. Watu wengi hustaajabu wakilisikia jambo hili. Kuyatoa maji ya ghala hakuhitaji umeme mwingi. Kunahitaji umeme mdogo ambao haukosekani.

Tahadhari moja inahitajika katika kusoma bango la pampu. Nguvu za farasi zinazoandikwa huwa ni zile zinazotoka kwenye mhimili wa mota, si zile zinazoingia kwa waya. Nusu farasi ni wati 370 zitokazo, lakini pampu hiyo inaweza kuvuta wati 550 au 600. Na hata hizo ni za mwendo wa kawaida. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 au 6 ya mkondo wake wa kawaida kwa nukta moja au mbili. Jenereta au inveta isiyoweza kustahimili pigo hilo itazima, au itaungurumisha mota bila ya kuizungusha mpaka iungue. Ndiyo maana pampu ya wati 400 hutafutiwa jenereta ya wati 2,000, na watu hudhani fundi anakuza mambo.

Jenereta

Jenereta ndogo ya petroli inajulikana na kila mtu, na mafundi wake wapo Kibondo na Kasulu. Kwa nchi ya juu ina upungufu wake. Injini huvuta hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa makadirio hupoteza nguvu asilimia 1 kwa kila mita 100 za kimo. Katika kimo cha mita 1,500 jenereta iliyoandikwa wati 2,000 hutoa kama 1,700. Asiyelijua hilo hununua inayotosha Dar es Salaam na kukuta haitoshi kwake.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba jenereta ya bei ya chama haijiwashi. Katika mfano wetu, kama pana sentimita 60 kati ya maji na uso wa sakafu, shimo lina nafasi ya lita 600, nayo hujaa kwa nusu saa. Jenereta ikiwashwa hapo, pampu humaliza kazi kwa dakika 5. Kwa hiyo mlinzi ataivuta kamba mara mbili kwa kila saa mpaka alfajiri, au ataiacha ingurume usiku kucha ikinywa petroli kwa ajili ya dakika 8 za kazi katika kila saa. Mlinzi mwema atafanya hivyo usiku mmoja. Usiku wa tatu apewe msaidizi.

Jambo la uhai: jenereta haiwashwi kamwe ndani ya ghala la chini, wala mlangoni pake, wala chini ya dari ya baraza iliyofungwa, hata mvua inyeshe namna gani. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, husinzia na kufa, na anayeingia kumtafuta hufa pamoja naye. Kibanda chake kiwe nje, chenye paa na pande zilizo wazi, mbali na madirisha, na juu ya mahali ambapo maji yanaweza kufika.

Maneno haya ya mwisho yamesahauliwa na wakubwa pia. Tarehe 11 Machi 2011 huko Fukushima, Japani, wimbi la bahari lilifurika vyumba vya chini vya kituo cha umeme wa nyuklia. Sehemu kubwa ya majenereta ya akiba ilikuwa humo humo chini, nayo yakazimwa na maji yale yale yaliyoleta shida. Jenereta moja ya mtambo wa sita iliyowekwa mahali pa juu zaidi ilibaki hai, nayo ikaokoa mitambo miwili. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 2012, dhoruba iliyoitwa Sandy iliipiga New York. Hospitali ya Bellevue ilikuwa na majenereta katika orofa ya 13, mahali salama kabisa. Lakini pampu za kuyapandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi, zikazama, na watu wakabeba mafuta kwa mikono kupanda ngazi. Fundi wa chama akileta michoro yake, aulizwe kila kitu kimoja kimoja: jenereta iko wapi, mafuta yako wapi, swichi iko wapi, betri iko wapi. Kimoja kikiwa chini, vyote viko chini.

Betri

Betri na inveta zina sifa ambayo jenereta ndogo haina: umeme ukikatika, zenyewe hushika kazi, na boya huendelea kupanda na kushuka kama kwamba hakuna kilichotokea. Mlinzi hulala, na katibu pia.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi. Betri ya risasi na asidi ikimalizwa mpaka chini huharibika upesi, hivyo ihesabiwe nusu, yaani 600. Inveta nayo hupoteza sehemu: zile wati-saa 53 za pampu hugeuka 63 kwa upande wa betri, na inveta yenyewe hula wati 15 hivi kila saa hata pampu ikiwa imelala. Jumla ni 78 kwa saa, na 600 gawanya kwa 78 ni saa saba na nusu. Betri moja, basi, hukivusha chama sehemu kubwa ya usiku. Mbili hukivusha usiku kucha kwa matatizo mengi ya laini. Ulaji huo mdogo wa inveta usidharauliwe, maana ni karibu moja ya tano ya yote, na katika ghala lenye maji machache huwa ndio ulaji mkubwa.

Betri iwe ya aina inayouzwa kwa sola. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, na haidumu ikitumiwa kwa saa nyingi. Inveta iwe ya wimbi safi, kwa kuwa zile za bei rahisi huipasha mota joto, na iwe na uwezo wa kustahimili pigo la kuanzia. Waya kati ya betri na inveta uwe mfupi na mnene sana. Wati 2,000 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 160, na waya mwembamba utakuwa jiko. Betri ikaguliwe maji yake kila mwezi, iwekwe juu penye hewa, na asiwepo mvuta sigara karibu nayo inapochajiwa. Za lithiamu hazidai maji na huweza kutumiwa zaidi ya nusu. Chama kinachoweza gharama yake hakitajuta.

Ipo njia ya tatu isiyojulikana sana huku milimani: pampu ndogo ya volti 12 ambayo wenye mashua hutumia kutoa maji ya ngama. Hufungwa moja kwa moja kwenye betri bila ya inveta, ina boya lake, na huwekwa juu kidogo ya pampu kubwa ndani ya shimo. Pampu kubwa ikishindwa kwa sababu yoyote, hata mota yake ikiungua hali umeme upo, maji hupanda na kuiamsha ndogo. Upungufu wake ni kwamba nguvu yake hupungua sana kadiri inavyoinua maji juu, hivyo ipimwe kwa fito na saa kama ile kubwa kabla ya kuaminiwa.

Kufunga umeme huo

Jenereta isichomekwe kamwe kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha jengo zima. Wako wanaofanya hivyo kwa waya wenye plagi pande zote mbili, nao hudhani wamegundua jambo. Umeme huo hutoka kwa njia ya mita, hufika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma hufanya kazi yake kinyume: volti 230 huwa volti 33,000. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo gizani, katika mvua, kurekebisha laini aliyoambiwa imekufa, huikuta iko hai. Lazima pawepo swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova, inayoruhusu umeme wa upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Nayo ifungwe na fundi mwenye leseni. Kwa pampu moja tu, waya wa pekee kutoka jenereta mpaka pampu unatosha.

Swichi kuu ya ghala la chini iwe juu, mahali pakavu. Mtu asiingie katika chumba kilichofurika kabla umeme wake haujakatwa, kwa kuwa umeme uliokatika jioni hurudi bila ya kubisha hodi. Kifaa cha kukata umeme unaovuja kifungwe katika njia ya pampu. Kila bomba la kutolea maji liwe na vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo pampu ikizimika maji yote ya bomba hurejea shimoni na kuwasha boya tena, na betri humalizwa kwa kazi ya bure.

Makatizo marefu

Hesabu zilizotangulia ni za usiku mmoja au siku mbili. Historia inaonyesha kwamba yapo makatizo ya namna nyingine. Kisiwa cha Unguja, kinachopata umeme wake kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, tangu Mei hadi Juni. Tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani miezi mitatu. Kilichowaumiza watu zaidi ya giza ni mabomba, kwa sababu maji ya mji hupandishwa kwa pampu za umeme. Aliyekuwa na jenereta alitafuta petroli, na wengine walirudi visimani na ndoo.

Ndoo isidharauliwe. Maji ya mfano wetu ni lita 20 kwa dakika, na ndoo kubwa ya kawaida hubeba lita 20. Ni ndoo moja kwa kila dakika, 60 kwa saa. Watu wanne kwa zamu wanaweza kazi hiyo mchana kutwa, na pampu ya mkono yenye mpini huifanya iwe nyepesi zaidi. Chama cha wanachama mamia hakikosi watu wanne, ila lazima majina yao yajulikane kabla ya usiku wenyewe, na wawe wakazi wa karibu. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani pamoja na namba za simu. Gharama yake ni karatasi moja.

Matunzo na hesabu

Vifaa vya akiba hufa kwa kukaa. Petroli iliyokaa miezi mingi katika tangi huacha utando unaoziba kabureta, na betri isiyochajiwa hujiua yenyewe. Mwezi Septemba, kabla ya mvua, shimo lisafishwe tope, boya liinuliwe kwa mkono, kisha swichi kuu ya umeme wa TANESCO izimwe na ndoo kumi za maji zimwagwe shimoni. Pampu ikiwaka yenyewe na kuyamaliza, mpango ni mzima. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi mpaka Mei. Kwa jenereta, iendeshwe robo saa ikiwa imebeba pampu. Kuiwasha bila ya mzigo ni kusikiliza sauti tu.

Petroli ya pampu ina desturi ya kuota miguu na kuelekea kwenye pikipiki. Kwa hiyo iwekwe katika chombo chenye kufuli, nje ya ghala, na daftari lake lionyeshe tarehe, lita zilizoingia, lita zilizotumika, saa za kazi na saini ya mlinzi. Mkaguzi akilinganisha saa hizo na tarehe za kukatika umeme ataona haraka kama vinapatana.

Gharama yote iingizwe katika makisio ya mwaka yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu, na isingoje kuombwa kama matumizi ya dharura baada ya mafuriko. Bodi ipeleke vipimo vya shimo pamoja na bei za maduka matatu, ili wanachama wajue kwa nini wati 2,000 na si 1,000. Fungu la betri mpya liwekwe kila mwaka kidogo kidogo, kwa kuwa betri ya risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na chama kisichoweka akiba hiyo hukuta mwaka wa nne kina inveta nzuri iliyofungwa kwenye sanduku lililokufa. Katibu anapokabidhi ofisi kwa mwingine, hati ya makabidhiano itaje pampu, boya, betri na tarehe yake ya kununuliwa, ufunguo wa kibanda cha jenereta, na kipimo cha mwisho cha maji ya shimo kwa lita na dakika.